Sugu za Mkono wa Kushoto

Rafiki yangu alipoanza kufa vidole viwili vya mkono wa kushoto, sisi wenzake tulimpigia makofi. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Tulipiga makofi kweli, Jumapili mchana, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio pale Old Korogwe, na mimi ndiye niliyeanza.

Tulikuwa watu wanne tuliopenda gitaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyestahili kuitwa mwanamuziki. Mimi nilikuwa na spika na umeme, ndiyo maana wenzangu walikuja kwangu. Mama mmoja, muuza vitenge sokoni, alikuwa anapiga gitaa la rithim kwenye kwaya ya kanisa lake, na kwa sababu hiyo alijiona mwalimu wetu sote. Wa tatu alikuwa mfugaji kijana wa Kang'ata, Mmasai mwenye maneno machache, aliyefundishwa gitaa na mwinjilisti mmoja huko maporini. Tulimwita Morani, naye hakujali. Wa nne ndiye huyu rafiki yangu, mkata mkonge wa Mazinde. Babu yake aliletwa na mkonge kutoka mbali sana, na ukoo wao haukurudi tena. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkristo, naye akiulizwa dini yake alikuwa anajibu, "Mimi ni wa solo."

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaongea zaidi ya kupiga. Nyuzi zikiisha kutyuniwa, mtu anauliza habari za mvua, na hapo nusu saa imekwenda. Morani alikuwa anatusimulia jinsi kina mama wa kwao wanavyoamkia kwenye lambo na madumu, na lambo lenyewe limebaki tope. Mama wa vitenge alikuwa na mume mgonjwa wa presha asiyetaka kumeza vidonge. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba siku hizi redio ikiharibika watu wanaitupa, wanasikiliza simu. Rafiki yangu hakuwa na malalamiko mengi. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa anakitaka, na alikitaja kila tulipokutana: apige solo bila kutazama vidole.

"Mpigaji anayetazama vidole ni kama mtu anayekula huku anatafuta mdomo," alikuwa anasema. Basi anafumba macho, anaanza, anakosea, anafumbua, tunacheka.

Sasa nieleze habari ya pini, maana ndiyo iliyotuponza.

Kila anayejifunza gitaa anajua maumivu ya mwanzo. Waya zinakata ncha za vidole mpaka zinavimba, na wengi huishia hapo. Anayevumilia ngozi yake inakuwa ngumu, anaota sugu. Tulikuwa tunazizungumzia sugu zetu kama wakulima wanavyozungumzia mashamba. Mama wa vitenge aliamini chumvi na maji ya moto. Mimi niliamini spiriti. Mkata mkonge alisema maji ya mkonge, yale yanayowasha, ndiyo kiboko. Ili kumaliza ubishi, tukaanzisha mtihani. Nilikuwa na mita ya kupimia umeme, na mita ile ina pini mbili kali. Unanyoosha mkono wa kushoto, unafumba macho, mimi nagusa ncha ya kidole kimojakimoja kwa pini. Ukisema "ah!" umefeli, unanunua soda.

Mkata mkonge alikuwa anafeli kila mara. Mikono yake ilikuwa migumu kwa panga na mkonge, lakini pini ikimgusa alikuwa anaruka kama mtoto anayeona sindano ya chanjo. Soda nyingi tulikunywa kwa sababu yake. Halafu ikafika Jumapili ile. Nikagusa kidole cha shahada, akaruka. Cha kati, akasema "ah!" na kucheka. Nikaenda kwenye cha pete, kimya. Cha mwisho, kimya. Nikakandamiza zaidi, na nikiri kwamba nilikandamiza kwa inda, kwa sababu nilitaka soda. Tone la damu likatoka. Alikuwa bado amefumba macho, anasubiri.

"Bado hujaanza?" akauliza.

Ndipo nilipopiga makofi. Mama wa vitenge akapiga kigelegele. "Sasa umekuwa mpiga gitaa!" nikamwambia, nikamshika bega. Alifumbua macho, akaiona damu, akatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani wa darasa la saba. Soda siku hiyo nilinunua mimi.

Tangu hapo akawa na maringo. Akija, ananyoosha kidole cha mwisho kabla ya kusalimia. "Fundi, leta pini yako." Tulimpima mara nyingi. Wageni wakipita, nilikuwa nawaita waje waone mtu asiyesikia sindano.

Morani peke yake ndiye aliyesita. Siku moja rafiki yangu alikuwa amevua shati kwa joto, na mgongoni, chini kidogo ya bega, alikuwa na baka lililopauka, ukubwa wa kiganja. Alilijua. Alisema ni mba, na kwamba wakata mkonge wengi wanatoka mabaka kwa yale maji. Nzi akatua kwenye lile baka. Akatembea, akasimama, akajisafisha miguu. Rafiki yangu aliendelea kuongea.

"Wewe, nzi yupo mgongoni, husikii?" Morani akauliza.

"Yuko wapi?"

"Amekaa kitambo hapo. Ng'ombe hata awe mgonjwa anatikisa ngozi nzi akitua. Asiyetikisa, mimi huwa namtenga nimwangalie."

Tulicheka mpaka mama wa vitenge akashika mbavu. "Morani anataka kukutia zizini!" nikasema. Mkata mkonge naye akalia "mooo", na mazungumzo yakarudi kwenye nyuzi, kama waya wa breki ya baiskeli unafaa kuwa waya wa sita au la. Morani alitutazama wote, mmoja mmoja, halafu akainama kwenye gitaa lake. Mpaka leo namkumbuka alivyoinama.

Kisha ukaja ule mchana wa harufu. Nilikuwa natengeneza redio ya mteja, na chuma changu cha kuyeyushia risasi kilikuwa juu ya meza, kimewaka. Rafiki yangu alikuwa amesimama anatusimulia habari za nyapara wao, akaegemea meza kwa mkono wa kushoto. Akaendelea kusimulia. Mimi nilianza kunusa. Nilidhani ni waya wa redio unaungua, nikainama kuutafuta. Mama wa vitenge ndiye aliyepiga ukelele. Ubavu wa kidole cha mwisho cha rafiki yangu ulikuwa umelala juu ya chuma, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka.

Aliutoa mkono taratibu. Hakuutoa kwa kushtuka, na hilo ndilo lililopaswa kututisha. Nyama ilikuwa nyeupe. Nikampaka dawa ya meno, kama tunavyofanya majumbani kwetu, na huku nampaka nikasema, "Huu si mkono tena, ni koleo." Wote tukacheka. Alicheka yeye kuliko sisi.

Kidonda kile hakikupona vizuri. Na baada ya miezi kadhaa upigaji wake ukaanza kuharibika. Kidole cha mwisho hakikunyooka kufika pale kilipokuwa kinafika. Waya zilikuwa zinakoroma. Mama wa vitenge alimkaripia waziwazi. "Kaka, hufanyi mazoezi. Usitupotezee Jumapili." Mimi nilimshuku pombe. Alituapia kwamba anafanya mazoezi kila jioni akitoka shambani, na mkewe baadaye alinithibitishia kuwa ni kweli. Alikuwa anafanya mara mbili ya zamani. Kwa kuwa hakusikia waya, alikuwa anakandamiza kwa nguvu zote ili awe na hakika, na waya zikamchana mpaka ndani. Hakusikia hilo pia. Alikuwa anagundua kwa kuona damu kwenye gitaa.

Akaja na vidole vimefungwa kitambaa. "Sugu zimepasuka," akasema.

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Zikipasuka zikajifunga tena ndiyo zinakuwa imara."

Ilipita karibu mwaka mzima tangu yale makofi. Jumapili moja Morani alifika mapema kuliko kawaida yake. Hakukaa. Alimwendea mkata mkonge moja kwa moja, akamwomba mkono. Akamwambia afumbe macho. Sisi tulidhani ni mtihani wetu uleule, nikaanza kutafuta pini. Morani hakutaka pini. Alikamata kidole cha mwisho cha mwenzake kwa mkono wake mzima, akakifunika chote, akakibana.

"Nimeshika kidole gani?"

Rafiki yangu aliendelea kungoja, macho ameyafumba. Akatabasamu, akidhani mchezo haujaanza. "Shika basi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama wa vitenge alikaa chini kwenye kreti la soda. Rafiki yangu akafumbua macho, akaona kidole chake kiko ndani ya ngumi ya mtu, na uso wake ukabadilika. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiogopa namna ile.

"Kesho twende hospitali," Morani akasema. "Mimi silali Kang'ata leo. Nitalala hapa kwa fundi."

Tulikwenda watatu. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Tukamwamkia, akatukalisha. Alimkunja rafiki yangu kiwiko, akapapasa mshipa uliopo nyuma yake, akaniita niuguse na mimi. Ulikuwa umevimba, mnene kama waya wa besi. Akatoa uzi mgumu wa plastiki, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa hapa na pale. Nilitazama uzi ukipinda juu ya kidole cha pete, juu ya kidole cha mwisho, juu ya ukingo wa kiganja, na rafiki yangu akisubiri kwa utii. Akamgusa lile baka la mgongoni. Kimya.

"Ni ukoma, baba," akasema kwa sauti ya kawaida. "Una dawa. Dawa ni bure, na ukishaanza kumeza huambukizi mtu. Usiogope." Halafu akafungua kadi. "Ganzi ilianza lini?"

Rafiki yangu alinigeukia mimi. Alinigeukia kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Yeye alikuwa amefumba macho.

Nikamweleza muuguzi habari ya pini. Nikamweleza yote: soda, makofi, wageni niliokuwa nawaita. Alivua miwani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sugu haiui fahamu," akasema. "Mwenye sugu ukimchoma anasikia kwa mbali, ukimkandamiza anasikia. Asiyesikia kabisa ni mgonjwa. Mlikuwa mnampima ukoma, na majibu mlikuwa mnayapata."

"Vidole vitarudi?" rafiki yangu akauliza. Hilo tu ndilo aliloliuliza siku nzima. Hakuuliza watu watasemaje, wala kazi.

Muuguzi alisema dawa zitaua vijidudu, hilo halina shaka. Mishipa ni habari nyingine. Mtu akija ganzi ikiwa changa, wiki chache, miezi michache, mara nyingi wanaiokoa. Ganzi ya mwaka hawezi kuahidi. Alisema hivyo akimtazama yeye, lakini kila neno lilinipata mimi.

Wiki iliyofuata tulitakiwa sote kwenda kupimwa, mkewe, watoto wake na sisi wa kibandani. Tulipangwa kwenye benchi. Tulifumba macho tukaguswa kwa pamba, kila mmoja akisema "hapa", "hapa", "hapa". Nilikuwa naomba ndani kwa ndani kila mguso nisiukose. Nilipofumbua macho nilimwona rafiki yangu amesimama mlangoni anatutazama. Sote tulikuwa wazima. Alishangilia kwa dhati. Alimkumbatia mtoto wake mdogo, akampigia makofi kwa mikono yake ile.

Napenda kusema kwamba baada ya hapo tulikuwa naye bega kwa bega. Haikuwa hivyo. Mama wa vitenge, aliyekuwa anagawana naye kikombe miaka yote, alianza kuja na kikombe chake kwenye mkoba. Sikumlaumu, maana mimi nilifanya baya zaidi. Rafiki yangu alikuja siku moja, tayari anameza dawa, ngozi imekuwa nyeusi kwa vidonge, akashika gitaa langu kidogo, akalirudisha, akaaga. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha spiriti, nikaanza kulifuta shingo. Muuguzi alikwisha kutuambia kwamba haambukizi. Nilikuwa ninajua, na bado nililifuta, waya kwa waya. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau kofia.

"Endelea tu, fundi," akasema. "Waya zinapenda spiriti."

Akachukua kofia yake akaenda kupanda basi. Nilikaa na kile kitambaa mkononi mpaka mteja aliponiita mara mbili. Nilijichukia, na hasira hiyo bado ninayo.

Hakuja tena kwa muda mrefu. Shambani walimtoa kwenye kukata wakampa kufagia uwanja wa kuanikia, wakisema ni kwa ajili ya afya yake. Mkewe alisimama naye. Morani alikuwa anapita Mazinde kumwona kila akija huku, na ndiye aliyekuwa anatuletea habari. Alinisema siku moja, bila kupandisha sauti: "Kwenda ni barabara ya lami. Hata mvua hainyeshi. Unangoja nini?" Nilisema kazi nyingi. Alinitazama kama alivyotutazama siku ya nzi.

Nikaenda. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshikilia. Kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na havikunyooka. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakabaki machache. Aliendelea kuchonga.

"Wewe ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua."

"Basi. Na mimi sikujua." Akapuliza vumbi la mti. "Ila mimi nilikuwa nauliza, fundi. Kila nikija nilikuwa nanyoosha kidole nauliza. Nyinyi mkanipa jibu."

Mkewe alileta chai, tukanywa kikombe kimoja kwa kupokezana. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Rafiki yangu alielewa, akaniacha nifanye.

Alipomaliza dawa zote na kupewa karatasi ya kupona, alirudi kibandani Jumapili. Tulikuwa wote wanne. Tulipiga stori za mvua, za presha ya mume wa mama wa vitenge, ambaye sasa alikuwa hajiwezi upande mmoja, za mbuzi wa Morani waliokufa kwa ukame. Kwa saa nzima hakuna aliyegusa gitaa. Mwisho akalichukua mwenyewe.

Akapiga ule wimbo aliokuwa anaujaribu miaka yote. Alikuwa na vidole viwili vya kutumia, na hakuyaondoa macho kwenye shingo ya gitaa. Aliteleza mara nyingi. Pale pa kupanda sauti alikwama, akarudi, akakwama tena, akamaliza kwa shida. Mama wa vitenge akafuta machozi, akapiga makofi. "Umepiga vizuri, kaka! Vizuri sana!" Morani akatazama chini. Mikono yangu nayo ilikuwa imeshainuka.

Akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Msinisifu," akasema. "Nawaomba. Fundi, niambie wewe. Nimepigaje?"

Nikateremsha mikono. "Umepiga vibaya."

"Wapi?"

"Pale pa kupanda hufiki. Na waya wa kwanza haukulia hata mara moja, tangu mwanzo. Kidole cha mwisho kimeulalia."

Akainamisha kichwa, akatazama. Kidole kilikuwa kimejikunja juu ya waya, kimetulia pale. Akakishika kwa mkono wa kulia, akakiondoa kama mtu anayeondoa kitu cha mwingine mezani.

"Sikujua kama naugusa," akasema.